Ng'ombe wa Katikati ya Shuka

Vipande vya uzi hakuvitupa chini. Kila alipokata uzi kwa meno, kile kilichobaki alikibandika begani, bega la kushoto, juu ya gauni. Kikakaa pale na wenzake, chekundu na kijani na cha njano, mpaka jioni. Wakati mwingine alisahau akaenda navyo sokoni, au kwenye jumuiya, au kanisani, na watu wa Ifakara wasiomjua kwa jina walimwita yule mama wa nyuzi begani. Nilimuuliza siku moja kwa nini havitupi. Akasema masista waliomfundisha kudarizi, alipokuwa msichana kule upande wa Mahenge, hawakutaka kuona uzi sakafuni, na bega lilikuwa karibu.

"Sista akipita akakuta uzi, unafagia darasa zima," alisema. "Tena kwa mkono."

Masista hao walikuwa wamezikwa zamani. Sakafu yake mwenyewe ilikuwa ya saruji iliyopasuka, isiyodai heshima hiyo. Bado alibandika.

Jina lake lilikuwa Bernadeta. Sisi wa mtaani tulimwita Mama Valentino, kwa mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Dada yake Valentino, Digna, alikuwa ameolewa Mang'ula. Nilipohamishiwa chuo cha hapa nilipanga vyumba vya uani kwake, nikadhani ningekaa muhula mmoja nitafute nyumba yenye maji ya bomba ndani. Sikuhama.

Kilichonizoesha kwake ni sindano. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kabla sijafika, na kitu cha kwanza kilichomshinda kilikuwa tundu la sindano. Kudarizi aliweza, kutunga uzi hakuweza. Basi kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilipita barazani kwake nikamtungia sindano za kutwa nzima, nikazichomeka kwenye kipande cha sponji kwa utaratibu alioutaka yeye: rangi za majani kwanza, kisha za maua, kisha za wanyama. Alizichukua kwa kupapasa. Nilipomaliza aliniambia, "Haya, mwalimu, nenda kafundishe," kana kwamba siku yangu isingeanza bila ruhusa yake.

Mashuka ya kudarizi yapo nchi nzima, na karibu yote yana tausi. Tausi na mawaridi, yaliyochorwa kwa karatasi ya kaboni kutoka kielelezo kilekile kilichopita mikono elfu. Bernadeta naye alianza na tausi. Halafu akaolewa akaja kuishi bondeni, akawa anakwenda na mumewe shambani kuamia ndege, na kule juu ya dungu, jukwaa la miti la kufukuzia ndege, akingoja ndege watue kwenye mpunga, alikuwa na saa nyingi za kutazama. Akaacha tausi. Akadarizi korongo aliyesimama mguu mmoja majini, kiboko mwenye masikio tu nje ya maji, yungiyungi lililofunguka na jingine lililofumba. Na sheshe, yule swala mwekundu wa bonde letu, alimdarizi vizuri kuliko wote. Watalii waliokuja kumwona sheshe porini walipita sokoni wakanunua tausi.

Katika kikundi chao cha kudarizi, kinachokutana Jumamosi kwenye banda la parokia, wana desturi yao ya harusi. Mama wa kijana ndiye anayemdarizia bibi harusi shuka. Pembeni anaweka vitu vya kwake, vya upande wa mwanamume. Katikati anapaacha wazi, hata miaka, mpaka kijana amtaje msichana. Hapo ndipo katikati panawekwa kitu cha kwao msichana. Siku ya kumpokea, mama mkwe anatandika kitanda kwa mikono yake mwenyewe, na bibi harusi akiingia chumbani anatazama katikati ya shuka kabla hajakaa. Akikuta kitu cha kwao, amepokewa. Akikuta peupe, hakuna atakayesema neno, lakini wote wameelewa, na yeye wa kwanza.

Kijana wa Apolonia, rafiki mkubwa wa Bernadeta, alioa Mlimba, na Apolonia akadarizi treni. Ilikuwa na kichwa, mabehewa na moshi mwingi.

"Wanangu wanalala relini," alikuwa akisema. "Ndiyo maana wajukuu wanakuja kwa ratiba."

Wengine walioa Mang'ula, wakawekewa mbega mwenye mkia mrefu. Mmoja alioa mtoto wa fundi cherehani, akawekewa cherehani. Wote walicheka, na hakuna aliyewahi kulalia peupe.

Shuka la Valentino, Bernadeta alilianza kijana akiwa bado shule. Nilipolikuta lilikuwa limekamilika pembe zote: sheshe wawili wakitazamana, korongo, kiboko, na yungiyungi zikizunguka ukingo mzima kama maji yaliyojaa. Katikati palikuwa peupe. Alilihifadhi ndani ya sanduku pamoja na majani ya mwarobaini, na mara mojamoja alilitoa, akalipunga hewa, akalirudisha.

Valentino alikuwa fundi wa matrekta madogo ya kulimia mpunga. Alimweleza mama yake asubuhi, nikiwa barazani na sponji langu.

"Mama, nimepata mtu."

"Nimesikia. Pikipiki yako imeshajua yenyewe njia ya Idete."

"Anaitwa Mbuke."

Bernadeta alivuta uzi mpaka mwisho, akaubana kwa kidole. "Ni wa wale."

"Ni wa wale, mama. Lakini amezaliwa hapahapa."

"Wana ng'ombe?"

"Wanao."

"Wengi?"

Valentino alinitazama mimi, kama ningeweza kumsaidia. "Wengi kiasi."

"Haya," alisema Bernadeta. Akakata uzi kwa meno, akabandika kipande begani.

Sikumkuta mumewe, Hermenegildi. Habari zake alinisimulia Apolonia, kwa sauti ya chini, siku tulipokuwa tukichambua mchele. Alikuwa na shamba bondeni, kwenye mbuga inayofurika masika. Mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeanza kujaza punje, kundi kubwa la ng'ombe lilipita alfajiri. Hermenegildi alikuwa juu ya dungu. Alipiga debe la kufukuzia ndege, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa nacho, na ng'ombe hawaogopi debe. Kulipokucha lilikuwa limebaki tope. Mikutano ilifanyika kijijini, wakulima na wafugaji walikaa pamoja, wakapatana kuhusu njia za mifugo. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa nani haikujulikana. Hermenegildi hakulima tena. Alikaa barazani, moyo ukamsumbua, na kabla ya masika mengine akafa.

"Mama Vale hajawahi kusema ng'ombe ndio waliomuua," Apolonia aliniambia. "Hajawahi. Ila toka siku ile hajaonja maziwa. Hata ya kopo."

Hilo la maziwa nililijua kwa njia yangu. Mbuke, tangu mambo yao yajulikane, alikuwa akimletea mama mkwe mtarajiwa chupa ya maziwa kila alipokuja mjini kuuza. Alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno machache na macho yanayocheka peke yake. Alipiga goti, akasema shikamoo mama, akaweka chupa. Bernadeta aliitikia marahaba mwanangu, akamshukuru kwa maneno mazuri, akamuuliza habari za nyumbani. Msichana akishapita kona, aliiita chupa ile kwa jina langu.

"Mwalimu, maziwa yako."

Nami niliyanywa, na chupa niliiosha nikairudisha. Siku moja Mbuke alinikuta lango la uani. Akaniambia bila hasira, "Mwalimu, naona maziwa yanakukubali."

Nilijifanya kufunga lango.

"Chupa inarudi inanukia sabuni ya unga," alisema. "Mama Valentino anaoshea majivu." Halafu akatabasamu. "Endelea tu. Bora yanyweke."

Naye aliendelea kuleta.

Mwaka ule ukapita hivyo. Posa ilipelekwa, ikapokelewa, padri akatangaza majina. Katikati ya shuka palibaki peupe. Apolonia, ambaye hakuweza kuona kidonda bila kukigusa, alimfuata barazani.

"Mama Vale, weka pamba. Si huko walikotoka wanalima pamba? Ua la pamba ni zuri, na halina kwato."

"Mbuke hajawahi kuona pamba," alisema Bernadeta. "Nilimuuliza."

"Basi alizeti."

"Apolonia. Unajua kinachotakiwa pale."

"Najua."

"Basi acha kunitafutia maua."

Valentino naye alijua. Hakuwa kijana wa kupandisha sauti, na siku ile hakuipandisha. Alikuja ameshika mikono yake yenye grisi mbali na nguo, akasimama chini ya ngazi ya baraza.

"Mama, sikulazimishi," alisema. "Ila kama katikati patakuwa wazi, sitamleta humu. Nitamuoa, halafu nitakaa kule kwao. Siwezi kumlaza mtu juu ya shuka linalomfukuza."

"Utaniacha peke yangu?"

"Nitakuja kila siku. Ila kulala, nitalala kule."

Bernadeta alipapasa sponji, akachukua sindano ya kijani, akairudisha. Nilikuwa nimekaa karibu nikaona kwamba mkono wake haukutafuta chochote. Ulikuwa unataka tu kushika kitu.

Wiki ileile nilimsindikiza hospitali. Daktari alipima, akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi; dawa zingechelewesha tu kilichobaki. Akamshauri apunguze kazi ya sindano. Bernadeta alimshukuru. Tulipokuwa tunatoka, jua likiwa kali kwenye kokoto za uwanja, alinishika mkono akaniuliza, "Amesema kitabaki mpaka lini?"

"Hakusema siku, mama."

"Mpaka harusi?"

"Huenda."

"Basi kesho nitungie kahawia. Na nyeupe."

Ndivyo nilivyojua kwamba ameamua. Sikuona machozi wala sikusikia sababu. Nadhani hakutaka kuitafuta sababu, asije akaikuta haitoshi. Alilitoa shuka sandukuni, akabana katikati kwa fremu, akaanza kumdarizi ng'ombe.

Alimfanya kwa uangalifu mkubwa. Alichora kwanza kwa penseli, uso ukiwa karibu kugusa kitambaa. Ng'ombe alikuwa na mabaka, kiwele kikubwa, mgongo ulionyooka kama ubao, na pembe fupi zilizojikunja. Nami nilimtazama akikua siku hadi siku, nikamwona mzuri. Nimekulia mjini, na ng'ombe kwangu ni ng'ombe. Apolonia alimtazama akasema, "Huyu amekula vizuri." Hakuna kati yetu aliyeona kasoro.

Alikuwa amebakiza mkia tu siku Mbuke alipotokea bila kutarajiwa, na chupa yake mkononi. Bernadeta alijaribu kulikunja shuka, kwa sababu bibi harusi hatakiwi kuliona kabla ya siku, lakini fremu ilizuia. Mbuke alikuwa ameshaona. Alisimama. Nilimwona akimeza mate, macho yakimjaa maji, na nikadhani mambo yamekwisha vizuri. Halafu akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Nini?" Bernadeta aliuliza. Hakuona uso, alisikia pumzi.

"Samahani, mama. Nisamehe."

"Sema."

"Mama, huyu si wa kwetu." Mbuke alipiga goti, kicheko kimekwisha. "Hana nundu."

Bernadeta aliweka kidole juu ya mgongo wa ng'ombe, akaupitisha mwanzo mpaka mwisho, polepole. Ulikuwa umenyooka.

"Nilimtoa kwenye kopo," alisema mwishowe. "Kopo la maziwa ya unga. Lipo jikoni, ninatunzia chumvi."

"Wale ni wa Ulaya, mama."

"Miaka yote hii wanapita hapo barabarani." Alisema hivyo kama anazungumza na mtu mwingine, asiyekuwepo. "Kila siku wanapita. Nikisikia kengele ninageuza uso."

Baada ya muda akamuuliza Mbuke kama nundu ni ya mfupa au ya nyama. Mbuke akasema, "Njoo umshike mwenyewe, mama. Mimi kwa mdomo nitakudanganya."

Tulikwenda kwa bajaji, kiangazi, barabara ya Idete ikiwa vumbi tupu na mashamba pande zote yamevunwa, yamebaki mabua. Alivaa gauni lake la Pasaka. Tulipofika kwenye kaya yao, mama yake Mbuke alitoka akitupangusia viti kwa ncha ya kanga, akasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na Bernadeta, ambaye hakuijua salamu hiyo inavyojibiwa, aliitikia kwa kuushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

Walikuwa wamembakiza zizini ng'ombe jike mzee, mwekundu, mpole. Mbuke alimshika pembe. Bernadeta alisogea huku mkono umetangulia, na mkono ulipogusa ubavu ulishtuka, ukarudi, ukaenda tena. Alipapasa shingo. Akapapasa juu. Alipoifikia nundu aliishika kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto.

"Ni laini," alisema. "Nilidhani ngumu."

"Laini, mama."

"Inacheza."

"Akiwa na njaa inalala upande," Mbuke alimwambia. "Akishiba inasimama."

Alikaa na mkono pale muda mrefu, hata ng'ombe akaanza kucheua. Baba yake Mbuke alikuwa amesimama nje ya uzio wa miti muda wote huo, mzee mwembamba mwenye fimbo, na sasa aliingia, akavua kofia.

"Mama," alisema, "nimesikia habari za marehemu baba Valentino."

Bernadeta hakugeuka.

"Mwaka ule ng'ombe wa watu wengi walipita bondeni. Tulikuwa tumetokea mbali, wachungaji walikuwa vijana, na ilikuwa giza. Wangu walikuwamo. Ningependa kukuambia hawakuingia kwenye shamba lake. Lakini sijui, mama. Nimejiuliza sana. Sijui."

Mbuke alitazama chini. Mama yake aliacha kupangusa kiti. Kama Bernadeta angetaka kuvunja kila kitu, nafasi ilikuwa ile, na pale zizini hakuna ambaye angemlaumu.

"Hata mimi sijui," alisema. Mkono bado ulikuwa juu ya nundu. "Na yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anapiga debe tu."

Mzee alisema, "Pole sana, mama."

"Nimepoa," alijibu, ingawa ilikuwa imepita miaka mingi, na neno hilo watu hulisema papo hapo.

Kesho yake alifumua. Yule ng'ombe wa kopo alimchukua wiki nyingi kumweka, naye alimwondoa kwa siku moja, mshono kwa mshono, kwa ncha ya sindano, bila mkasi, asije akakata bafta, kitambaa chenyewe. Kila kipande kilichotoka alikibandika begani. Jioni niliporudi kutoka chuoni ng'ombe mzima alikuwa begani kwake, kahawia na mweupe, bega lote limefunikwa hata gauni halionekani. Apolonia alimkuta hivyo akasema, "Mama Vale, umeota manyoya," na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimsikia akicheka kidogo, puani.

Matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa. Alilifua shuka, akalisugua kwa kucha ili nyuzi zijongeane, na mengine yalifunga, mengine hayakufunga.

Kufikia hapo penseli haikumfaa tena kitu, kwa kuwa hakuiona. Alitafuta njia nyingine. Alichukua uzi mnene wa magunia, akaupitisha kuzunguka umbo alilolitaka, ili kidole kipate ukingo wa kufuata. Umbo lile alilitoa mkononi, kutoka siku ya zizini. Kisha akajaza ndani, mkono wa kulia juu na sindano, kidole cha kushoto chini ya kitambaa kikingoja ncha itokeze. Kidole hicho kilichomwa sana. Damu ikidondoka aliitoa mara moja kwa mate yake. Nami kila asubuhi nilitunga nyekundu ya udongo, nikaichomeka pale pa mwanzo kwenye sponji, na hatukuzungumza mengi. Alikuwa anakimbizana na kitu, na mtu anayekimbia hazungumzishwi.

Nundu aliiacha mwisho. Nilikuwepo siku hiyo, ilikuwa Jumamosi. Alinyanyua mkono, akaanza kuvikusanya vile vipande vya begani, vya ng'ombe wa kopo, ambavyo hakuwa amevitupa. Alikuwa ameviweka kwenye kikombe, na kila asubuhi akivirudisha begani kama vile siku ile ya kufumua haijaisha. Alivisokota vikawa kijibonge. Akakilaza juu ya mgongo wa ng'ombe mpya, akashona juu yake, mishono iliyobanana, mpaka kikafunikwa chote. Alipomaliza alinishika mkono akauweka pale. Palikuwa pameinuka, laini.

"Inacheza?" aliniuliza.

"Inacheza, mama."

Akakata uzi.

Harusi ilifungwa mwishoni mwa kiangazi. Sitaieleza, ilikuwa harusi, na watu walikula. Ninachokumbuka ni asubuhi, alipokataa msaada wa kila mtu, akaingia chumba cha Valentino na shuka mkononi, akafunga mlango. Alichukua muda. Tulimsikia akizunguka kitanda, akipigapiga godoro, akitafuta pembe za shuka kwa vidole: hapa sheshe, hapa korongo, hapa kiboko. Alipofungua mlango alikuwa anahema.

Jioni Mbuke aliletwa kwa nyimbo mpaka mlangoni, na wanawake wa kikundi wakanyamaza, kama wanavyofanya hapo siku zote. Bernadeta alisimama kando ya kitanda, uso ameuelekeza mlangoni, bila kuona vizuri. Mbuke aliingia. Alitazama katikati ya shuka. Akainama, akaweka kiganja juu ya nundu, akakiacha pale.

"Huyu ameshiba, mama," alisema.

Ndipo vigelegele vikapigwa, na Apolonia akiwa wa kwanza.

Hakudarizi tena baada ya shuka lile. Macho yalikwisha kabla Krismasi haijafika, kimyakimya, kama alivyoambiwa. Sindano hazikuhitajika, lakini nilizoea kupita, nikaendelea kupita. Nilimkuta barazani ameshika kitambaa kitupu, anakikunja na kukikunjua. Mbuke alikuwa jikoni anaimba kwa Kisukuma. Chupa ilikuwa bado inakuja kutoka Idete, na bado, kila asubuhi, ilinijia mimi. Mbuke alikuwa akinikabidhi yeye mwenyewe sasa, mbele ya mama mkwe wake, na hakuna aliyeona haja ya kujificha. Nilidhani hilo ndilo limebaki, na kwamba lingebaki hivyo. Mtu anaweza kupokea mengi na akabakiza kimoja.

Alikufa masika, maji yakiwa yamejaa bondeni. Nilirudi mchana kutoka chuoni, mvua ikinyesha, nikakuta viti vimetolewa nje chini ya turubai, nikaelewa kabla sijafika langoni. Ulikuwa moyo, kama wa mumewe. Mbuke alikuwa naye. Wanawake wa kikundi walimwosha, wakamvika gauni la Pasaka, na Apolonia alichomoa uzi mwekundu kutoka kazi yake mwenyewe, akaukata kwa meno, akaubandika kwenye bega la kushoto la marehemu. Katekista aliuona. Hakuuondoa.

Asubuhi ya siku aliyokufa nilikuwa nimepita kama kawaida, na mwavuli, nimechelewa. Nilisema shikamoo mama, akaitikia. Mbuke alikuwa anatoka jikoni na chupa, nami nikanyoosha mkono kuipokea. Bernadeta alisikia nyayo zake, au kizibo, akageuza uso upande wetu.

"Mwalimu," alisema, "leo niachie. Nitayanywa mwenyewe."